Vijiti Vilivyopandwa Kichwa Chini

Hivi wewe, umewahi kuchoka mpaka salamu ikawa mzigo? Sisemi kuchoka kwa kucheza, kule kunakoisha ukinywa maji. Nasema kuchoka kwa mtu aliyesimama tangu asubuhi, ambaye akifika nyumbani hata kuvua viatu anaona ni kazi nyingine.

Binti yangu alikuwa akichoka hivyo. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mchana kutwa alitoa mashuka kwenye mashine, akayaanika, akayapiga pasi, akayakunja kona kwa kona. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na mara nyingi alikuwa safarini. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, binti yangu, na mjukuu wangu wa darasa la sita. Huyo tulimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Jioni binti yangu alipenda kukaa uani. Ndani bati lilikuwa bado linatema joto la mchana, lakini uani kulikuwa na kivuli cha ukuta, kamba ya nguo, jiko la mkaa na kigoda chake kilicholegea mguu mmoja. Alijaza maji ya moto katika beseni, akatia chumvi kidogo, akaloweka miguu iliyovimba. Shida ni kwamba uani kwetu kulikuwa wazi kama uwanja wa mpira. Ng'ambo tu palikuwa na baraza ya nyuma ya jirani yetu mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Alishonea hapo ili apate mwanga. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na ilivuma kama mvua juu ya bati. Mlango wetu wa nyuma ukifunguliwa tu, ile mvua ilikatika.

"Jirani! Umerudi?"

"Nimerudi, jirani."

"Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Mbona leo umechelewa? Na hiyo miguu imefanyaje? Mnapika nini leo?"

Binti yangu alijibu yote, maana alilelewa vizuri, na aliyemlea ni mimi. Kisha alibeba beseni lake, maji yakimwagika njiani, akarudi kukaa ndani kwenye joto kati ya ndoo na gunia la mkaa. Siku moja alianika shuka kwenye kamba limkinge. Upepo ukalinyanyua, na Mama Cherehani akachungulia chini yake.

"Jirani, shuka lako linataka kuruka!"

Usiku binti yangu aliniambia, "Mama, mchana kutwa nakunja mashuka ya wagonjwa, jioni najificha nyuma ya shuka. Nimechoka."

"Mwambie basi."

"Nimwambie nini? Asinisalimu? Mtu aliyemshonea mwanangu nepi za kwanza?"

Alikuwa na haki.

Ndipo tukaamua kuweka ua. Mabati na matofali yalikuwa nje ya uwezo wetu, lakini mtunza bustani wa shule ya Chiriku alitukatia mzigo wa vijiti vya mti unaoota kwa kipande cha tawi tu. Mama Cherehani alipouona ule mzigo ukishushwa, cherehani ikanyamaza.

"Jirani, hivyo vya nini?"

"Vya ua," binti yangu alisema, macho chini. "Wa kuzuia kuku."

"Kuku?"

"Ndiyo. Kuku."

Mama Cherehani alitazama uani kwetu, akatazama uani kwake, akatazama mpaka barabarani. Mtaa wetu haukuwa na kuku hata wa dawa. Aliinamia gurudumu lake akaendelea kushona.

Mtunza bustani alimwelekeza Chiriku vizuri, nami nilikuwepo. "Tazama hapa, mwanangu. Ncha hii niliyoichonga mshazari ndiyo kichwa. Nimeichonga hivyo ili mvua iteleze, isituame ikakiozesha. Huku kulikokatwa bapa ndiko mguuni. Chimba shimo, simamisha kijiti, fukia, shindilia. Usichome kijiti ardhini kama mkuki. Umenielewa?"

"Nimeelewa! Kichwa mshazari, mguu bapa! Kichwa mshazari, mguu bapa!" Chiriku akayageuza wimbo.

Jumamosi mama yake alikwenda kazini, na mgongo wangu haukutaka kuinama. Kazi ikawa ya Chiriku. Alianzia pembeni mwa bafu letu la uani kwa bidii nzuri. Nilisikia jembe likigonga, puu, puu, nami nikaingia ndani kuchambua maharagwe. Lakini ardhi ilikuwa kavu. Jembe liliruka kama limegonga jiwe, na viganja vyake vikaanza kuota malengelenge. Barabarani wenzake walikuwa wakiruka kamba.

"Chiriku! Zamu yako inapita!"

"Nakuja!"

"Ulisema hivyo tangu zamani! Au umeolewa na jembe?"

Wakacheka. Chiriku alitazama mashimo yaliyobaki, akatazama kijiti mkononi. Ncha ile iliyochongwa ilikuwa kali. Akaiweka ardhini, akaisukuma kwa uzito wa mwili wake wote, nayo ikaingia. Akachukua kingine. Haikuchukua muda safu nzima ikawa imesimama, kuanzia katikati ya ua mpaka mwisho, mbele kabisa ya baraza ya Mama Cherehani. Akavirushia udongo kidogo juu, akaenda kuruka kamba.

Nilipotoka nje niliona safu imenyooka kama mstari wa rula; ncha sikuzitazama. Nikamsifu. Jioni mama yake naye akamsifu, akamkanda viganja kwa mafuta. Chiriku alipokea sifa zote mbili.

Mvua zikaja. Upande wa bafu vijiti vikatoa vichipukizi, vyekundu kwanza, kisha kijani. Upande wa pili ganda lilijikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Binti yangu alikuwa akifika tu kutoka kazini, kabla hata ya kuweka mkoba chini, anakwenda kuvitazama. Anakipapasa hiki, anakikwaruza kile kwa ukucha kutafuta ukijani. Mwishowe akasimama mbele ya vile vikavu, mikono kiunoni.

"Chiriku, ulivipanda vyote sawasawa?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa hivi vimekufa kwa nini?"

Macho ya Chiriku yakatangatanga, yakavuka safu, yakatua kwenye baraza ya jirani. "Labda ni maji ya Mama Cherehani. Yale ya rangi anayoloweka vitambaa."

"Umemwona akiyamwaga hapa?"

"Nimemwona."

Ni kweli Mama Cherehani alimwaga maji ya rangi, lakini aliyamwaga kwenye mfereji wake, upande wake, mbali na vijiti vyetu. Binti yangu hakuuliza zaidi. Mtu aliyechoka hupokea jibu la kwanza linalokuja. Kwa mara ya kwanza alikwenda mpakani bila kuitwa.

"Jirani, kama hukuutaka ua wetu ungesema. Kuliko kuutilia maji ya rangi."

Cherehani ikanyamaza. "Maji yangu?"

"Mtoto amekuona."

Mama Cherehani alimtazama Chiriku kwa muda mrefu, na Chiriku akatazama vidole vyake vya miguu. "Basi," yule mama alisema taratibu. "Hapa sitamwaga tena."

Tangu hapo mlango wetu ulipofunguliwa, cherehani haikunyamaza. Ilivuma tu. Hakuna aliyeuliza tunapika nini. Utasema binti yangu alipata alichokuwa akikitafuta, lakini sivyo. Alikaa kwenye kigoda, akaweka miguu kwenye beseni, akainuka maji bado yana moto. "Ukimya huu unanichoma, mama," alisema, akaingia ndani.

Mama Cherehani naye alishika neno lake. Kila alipomaliza kuloweka vitambaa alibeba beseni zima la maji, akazunguka nyumba yake, akapita kwenye kichochoro, akayamwaga kwenye mtaro wa barabarani. Alikuwa na nyonga mbovu. Alikwenda hatua mbili akapumzika, akaegemea ukuta, akaenda tena. Chiriku alikuwa akimwona kila akitoka shule. Na Chiriku wetu, ambaye zamani alisema hata akiwa na tonge mdomoni, sasa alikula kimya na kulala mapema. Nilimwona. Sikumwuliza. Jipu halikamuliwi kabla ya kuiva.

Liliiva siku ya mvua. Chiriku alikuwa akirudi kutoka shule, na Mama Cherehani alikuwa akitoka kichochoroni na beseni lake. Matope yakamtelezesha yule mama, akaanguka. Beseni likaruka, maji ya buluu yakamlowesha kuanzia kifuani mpaka chini. Chiriku alisimama kama nguzo.

"Shikamoo," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu," yule mama akajibu akiwa bado amekaa matopeni, akijikamua gauni. "Pita huku pembeni. Usije ukachafua sare."

Sare yenyewe alikuwa ameishona yeye.

Chiriku alimsaidia kuinuka, akamwokotea beseni, kisha akaja mbio uani. Aling'oa kijiti kimoja kikavu, akanijia jikoni akikishika kwa mikono miwili.

"Bibi, tazama."

Nikatazama. Ncha iliyochongwa mshazari, ile iliyotakiwa iwe kichwa, ilikuwa na udongo.

"Vyote vya upande ule?"

"Vyote. Sikuchimba. Nilivichoma, bibi. Sikumwona Mama Cherehani akimwaga kitu." Akaanza kulia. "Vimeota kichwa chini."

"Havikuota kabisa," nikamwambia. "Futa kamasi. Mama yako akija utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakushika ulimi wala kukusukuma."

Mama yake alifika ameshika viatu mkononi. Chiriku alisema yote akiwa amesimama, kijiti mkononi. Nilidhani atachapwa. Binti yangu alikaa tu kwenye kigoda, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.

"Na mimi nimemwendea mtu mzima nikamsemea vile," akasema. "Inuka, mama. Twende sote. Huko siendi peke yangu."

Tukaenda. Mama Cherehani alikuwa amebadilisha gauni, lile lenye madoa ya buluu likiwa limelowekwa ndani ya ndoo. Chiriku alipiga magoti bila kuambiwa.

"Nisamehe, mama. Maji yako hayakuua kitu. Ni mimi nilipanda vijiti kichwa chini kwa sababu nilitaka kwenda kucheza. Halafu nikakusingizia."

Mama Cherehani alichukua kile kijiti akakigeuza-geuza, kama anavyofanya na kitambaa kutafuta upande wa nje. "Nilijua sikuvimwagia," alisema. "Lakini nilianza kujishuku. Usiku nalala najiuliza, labda nilimwaga nikasahau? Mtoto, uongo wako ulinifanya niogope akili yangu mwenyewe. Unajua hilo?"

"Sasa najua, mama."

"Sikia na mimi," nikamwambia Chiriku, nami nikakaa maana magoti yalikuwa yananiuma. "Ulikwepa kuchimba mashimo machache ya mchana mmoja. Tazama kazi iliyokuja badala yake. Huyu ameburuza nyonga yake mpaka barabarani, mama yako hajapumzika, wewe hujala vizuri. Kazi unayoikwepa haipotei, mjukuu wangu. Inahamia mgongoni mwa mtu mwingine. Kesho utachimba, na ukichoka, sema umechoka. Kuchoka si dhambi. Tutapokezana."

Kesho yake Chiriku alichimba. Mtunza bustani alitukatia vijiti vingine, nami nilivishika visimame wakati Chiriku akifukia na kushindilia kwa kisigino. Mama Cherehani alivuta kiti chake mpakani, akawa anatukabidhi kijiti kimoja kimoja, kila mara akiuliza, "Kichwa kiko wapi?" na Chiriku akijibu, "Mshazari juu!"

Binti yangu aliporudi alikuta tumefika katikati. Akajitupa kwenye kigoda.

"Jirani," Mama Cherehani akamwita, "sasa mimi nina swali, na leo unijibu. Huu ua ni wa kuku gani?"

Binti yangu akaona haya. Chiriku akafinya midomo asicheke.

"Kwa sababu mimi kama ni ua wa kunikinga, naungojea kuliko wewe," Mama Cherehani akaendelea. "Unajua kila mlango wako ukilia inabidi nisimamishe gurudumu? Uzi unakatika, mshono unakwenda upande. Lakini nikikaa kimya utasema jirani anaringa. Basi nasalimu. Salamu zikiisha nauliza miguu, miguu ikiisha nauliza chakula. Hata sijui niache wapi!"

Binti yangu alimtazama kama ndiyo kwanza anamwona. Kisha akacheka, kicheko cha mtu asiye na nguvu, machozi yakamtoka akayafuta kwa kiganja. Alivua kitambaa kichwani, akakiweka mapajani. Akatumbukiza miguu kwenye beseni.

"Hakuna kuku, jirani," alisema. "Jana nilimleta mtoto akuombe radhi kwa uongo wake, na wa kwanza kudanganya hapa ni mimi. Nilichotaka ni kukaa. Nikae uani kwangu, kichwa wazi, miguu majini, na mtu yeyote asiniulize kitu chochote mpaka maji yapoe."