Foleni Mbele ya Lori

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma cha saluni iliyofungwa tangu ugonjwa uingie. Watu watatu, viti viwili.

"Ghala la msaada wa serikali lina mlinzi mmoja," alisema Mjomba. Hakuwa mjomba wa mtu. Ndiye mkubwa wa genge, basi. "Tunaingia kama wapuliza dawa. Ovaroli nyeupe, barakoa, pampu mgongoni. Siku hizi nani anamuuliza mtu sura yake?"

"Na watu wa foleni?" aliuliza Tairi, dereva wao.

"Wamezoea kungoja. Watangoja."

Shemeji, aliyemwoa dada yake Mjomba na kukabidhiwa bastola, alicheka. Tairi hakucheka. Mama yake alikuwa kwenye foleni hiyo wiki ya pili sasa, kila jioni anarudi na kikapu kitupu na ile "njoo kesho" ya wagawaji. Mjomba alimwahidi Tairi magunia mawili. Jambazi mzima, kuiba unga! Lakini njaa haina adabu, na Tairi alishachoka hata kuona haya.

Saa nne. Mlinzi aliwafungulia geti mwenyewe, akawapa pole kwa kazi. Shemeji akamfungia stoo, akamwomba radhi. Wakapakia kwenye lori lao unga, maharage na mafuta mpaka migongo ikawauma.

Saa tano. Lori likatoka getini, na foleni ikaliona: ovaroli nyeupe, mzigo umejaa.

"Jamani, wanagawa!"

Hakuna aliyeita mwizi. Walipiga vigelegele, wakajipanga barabarani mbele ya lori, wameachana hatua mbili kama walivyofundishwa, wazee mbele. Wa tatu alivaa barakoa iliyoshonwa kwa pazia la sebuleni. Tairi alilijua pazia lile.

"Kanyaga mafuta!" Mjomba alifoka.

"Ni watu hao."

"Watapisha! Kanyaga!"

Bastola ikamgusa Tairi mbavuni. "Ndugu yangu, usinitie majaribuni," Shemeji alisema. "Hata mimi nimechoka."

Tairi akazima injini, akatupa ufunguo mtaroni. Shemeji aliutazama mlango, akamtazama yule mama wa barakoa ya pazia, akashusha bastola. Mjomba akaruka nje, akatimua mbio huku akiwatukania mama zao.

Tairi akafungua nyuma, akaanza kugawa. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu akapokea mfuko wake, akamkazia macho juu ya barakoa. Mama ni mama.

"Wewe umekula lakini?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeshiba, mama."

Ving'ora vya polisi vilikuwa vimefika kona. Tairi akainua mfuko mwingine.

"Anayefuata!"