Upanga wa Bi Ummulkheir

Siku ile Tasneem hakupika pilau. Alipika samaki wa kupaka na wali mweupe, na karafuu hata moja haikuingia chunguni. Sasa vipi nyumba nzima inuke karafuu adhuhuri ile, jua limesimama utosini mwa mtaa wa Barani?

"Mahdi, umemwaga mafuta gani?"

"Ni ya ule upanga," mumewe akajibu bila kuinua uso kwenye simu. "Panga za Kijapani hupakwa mafuta ya karafuu zisishike kutu."

Hilo lilikuwa kweli. Ila upanga wenyewe ulikuwa sandukuni chumbani, umetiwa kufuli, na harufu ilikuwa ikitoka jikoni.

Kazi ya Mahdi ilikuwa ya ajabu kidogo. Watu wanaonunua panga za kale mtandaoni, toka Nairobi mpaka Ulaya, walimpelekea picha awaambie upi halisi na upi bandia. Tusimnyime haki yake, alikuwa hodari. Siri iko kwenye mkia wa upanga, ile sehemu inayofichwa na mpini. Mkia wa kale una kutu nyeusi, laini, iliyotulia. Wa juzi una kutu nyekundu inayochafua vidole. Mahdi akisema bandia, basi ni bandia, hakuna rufaa.

Siku chache kabla ya harufu ile, Bi Ummulkheir, mwalimu aliyemfundisha alifu chuoni, alimletea upanga wa Kijapani wa marehemu mumewe aliyekuwa baharia. Paa lilikuwa likivuja, akataka kuuza. Mahdi alichomoa mpini akaona kutu nyeusi kama chungu cha miaka, na jina la mhunzi limechongwa pale pale. Moyo ukamruka. Kisha akasema, macho chini: "Bandia huu, mwalimu. Lakini kwa heshima yako nitauchukua, uwe pambo." Akampa bei ya pambo. Na bibi wa watu akamshukuru! Akamwombea na dua! Jamani, kuna watu hawana haya. Nasimulia tu, na uso unaniwaka mimi.

Baada ya harufu ikaja sauti. Chuma kikisuguliwa juu ya jiwe, shwaa, shwaa, polepole, mchana kweupe, toka ndani ya sanduku. Mahdi akafungulia redio. Sauti ikaongezeka.

Kisha alasiri moja akaingia jikoni akamkuta Tasneem amesimama ameupa mlango mgongo, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele, na kwa kidole cha mkono wa kulia anaupaka mafuta toka kiganjani mpaka kiwikoni, taratibu, upande mmoja tu, kama mtu anayeupaka upanga, na alipomwita hakugeuka, na alipomshika bega lilikuwa baridi na gumu, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamume mzima.

"Uliona nini chini ya mpini?"

"La haula!" Mahdi akakimbia mpaka uani.

Tasneem akaacha kula. Ndugu wakamleta Kahaso, mganga wa kike kutoka Magarini. Nanyi mnajua mambo ya pepo yalivyo: hapungwi kwa siri. Huulizwa mbele za watu, na atakachotaka hutolewa mbele za watu. Akitaka pete, inaletwa. Akitaka mbuzi mweusi, anachinjwa. Basi majirani wakajaa ukumbini. Bi Ummulkheir naye akaja na bakuli la uji wa mgonjwa, akaketi akimkanda Tasneem miguu.

Kahaso akafukiza uvumba, akamfunika mgonjwa kaniki. "Karibu, mkubwa," akanong'ona. "Wataka nini kwa huyu mtoto wa watu?"

"Sitaki damu. Sitaki pete." Kaniki ilitikisika. "Nataka neno la mwenye nyumba. Aseme alichokiona. Akisema kweli, naondoka sasa hivi. Akisema uongo, sitoki tena."

Watu wote wakamgeukia Mahdi.

"Sema, mwanangu," Bi Ummulkheir akamhimiza kwa upole. "Neno tu. Mwokoe mkeo."

Ah, laiti asingekuwa yeye! Mahdi akautazama ule uso uliomwamini tangu akiwa mtoto wa kamasi, akawatazama majirani waliomwita mtaalamu, na aibu ikampanda toka miguuni, akajua kabisa kwamba mkewe yumo mle chini ya kaniki anasubiri neno lile, akafungua kinywa alitoe, akalihisi limefika ulimini.

"Kutu nyekundu," akasema. "Niliona kutu nyekundu."

Kaniki ikatulia. Tasneem akaketi, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe, akamshukuru kila mtu kwa jina. Ukumbi ukapasuka kwa vigelegele. Kahaso peke yake hakushangilia. Aliufunga mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Walipotawanyika, Mahdi akabaki mlangoni akimtazama mkewe. Ndiye. Macho ndiyo, kile kicheko chake ndicho, na kovu dogo la kidevu liko pale pale. Alimtafuta kosa toka utosi hadi unyayo, yeye fundi wa kutazama, asilione.

Tasneem akamsogelea, akauinua uso wake kwenye mwanga wa dirisha.

"Wewe si ndiye mjuzi, mume wangu?" akamwuliza. "Hebu nitazame vizuri, uniambie. Mimi halisi, au bandia?"