Ikran na Pasi ya Makaa

Kila Jumatano baada ya masomo, skauti wa shule ya Ikran walijipanga uwanjani chini ya jua la Garissa, jua ambalo hata saa kumi jioni halikuwa na habari ya kwenda nyumbani. Siku moja ya mwaka wa 1996, kiongozi wao, Mwalimu Kulow, alikuja na tangazo. Likizo ikianza wangekwenda kupiga kambi Korakora, kando ya mto Tana. Wangekwenda kwa miguu, kila mtu na mkoba wake mgongoni.

"Lakini Jumamosi ya wiki ijayo tutafanya jaribio. Tutatembea na mikoba hadi daraja la Tana na kurudi," alisema. "Atakayeshindwa, kambi ataisikia kwenye hadithi."

Hapo Hamze, mvulana ambaye ulimi wake haukujua likizo, akaanza kumzunguka Ikran kama dalali wa soko la mifugo. Akamtazama mbele, akamtazama nyuma, akaguna.

"Jamani, huyu amenona! Sokoni atatupa bei nzuri. Lakini kutembea? Wallahi, huyu anahitaji lori."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Hata Fartun, rafiki yake Ikran, aliuficha mdomo kwa mtandio.

"Warya, wewe mnunuzi akikuona atauliza nyama iko wapi," Ikran akamjibu. "Korakora nitafika, upende usipende!"

Kusema ni rahisi. Jioni ile Ikran alijitazama kwenye kioo cha kabati, akaamua kupunguza mwili haraka. Tatizo ni kwamba nyumbani kwao kukataa chakula ni sawa na kutangaza vita. Hooyo, mama yake, angemburuta hospitali kabla anjera, chapati laini ya Kisomali, haijapoa. Basi Ikran akadanganya. Alisema anafunga, analipa siku alizokula mwezi wa Ramadhani.

"Mashallah, binti yangu!" Hooyo akafurahi, akawasimulia majirani wote. Majirani wakamwombea dua, naye Ikran akaitikia amina huku tumbo likinguruma kama jenereta. Magharibi ikifika, alikula tende na kunywa maji. Anjera yake aliipeleka uani kimyakimya, akawapa mbuzi.

Siku ya jaribio alijitwika mkoba uliojaa hadi zipu ikalia. Hata nusu ya njia hawajafika, barabara ikaanza kucheza. Nguzo ya simu ikawa mbili. Mwalimu Kulow akawa wawili, na wote wawili wakawa wanamwita. Ikran akaanguka vumbini, puu!

Walimweka kivulini na kumpa maji ya sukari. Hamze hakucheka, na hilo lilimuuma Ikran kuliko kicheko.

"Utabaki, Ikran," mwalimu akasema kwa upole.

"Sibaki!"

"Ikran!"

"Samahani, mwalimu. Lakini sibaki. Nipe Jumamosi nyingine moja tu."

Mwalimu akamwongezea maji. "Haya, moja. Tena uje na mama yako, aniambie mwenyewe kwamba u mzima."

Nyumbani, aliyempokea ni Ayeeyo Osob, bibi yake, aliyehamia mjini baada ya ukame kummalizia ngamia. Alimsikiliza Ikran akisimulia alivyoanguka, kisha akauliza, "Naa, hii funga yako mbona inanenepesha mbuzi?"

Ikran alitaka kucheka, akajikuta analia. Akasema yote. Hooyo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashika kichwa. "Na mimi nimetangazia mtaa mzima!"

"Basi ataenda mwenyewe kuutangazia mtaa ukweli," Ayeeyo akasema. "Ibada si pazia la kujifichia, Ikran. Sasa lete huo mkoba."

Ayeeyo akauinua, akauweka chini upesi. "Lo! Unaenda kambini au unahama?"

Akaanza kutoa. Birika la chuma. Chupa ya chai. Sukari ya kulisha harusi. Blanketi mbili na viatu vya Idi. Chini kabisa, pasi ya makaa.

"Na hii?"

"Ya kunyooshea skafu, ayeeyo."

Ayeeyo akacheka mpaka akajifuta macho. "Sikiliza. Siku ya kuhama, wanawake ndio tuliopakia ngamia. Ngamia tulimlisha na kumnywesha. Tulichokipunguza ni mizigo. Sijaona mtu akimnyima ngamia majani ili aweze kubeba jiwe la kusagia. Angechekwa mpaka Liboi, kule mpakani!"

"Lakini wananiita mnene."

"Ndiyo, u mnene. Umemwibia nani? Daktari akisema upungue, tutafuata atakavyotuelekeza, taratibu, na chakula utakula. Hamze si daktari."

Wiki ile Ikran alipiga hodi nyumba baada ya nyumba akiomba radhi, masikio yakimwaka moto. Alikula. Kila jioni alitembea hadi nje ya mji na kurudi, mkoba mgongoni, ndani yake blanketi moja, kikombe, maji na tende.

Jumamosi, Hooyo alimhakikishia mwalimu kwamba binti yake anakula vizuri, nao skauti wote wakashika njia pamoja naye. Ikran alitokwa na jasho, akapitwa na wengi, akakataa kushikwa mkono. Alifika darajani. Akarudi, kwa miguu yake mwenyewe.

"Umepungua kilo ngapi?" Hamze akauliza, akihema.

"Mkoba ndio uliopungua. Mimi niko vilevile, nitazame vizuri!"

Mwalimu Kulow akatabasamu, akawageukia wote. "Mmesikia? Mwili ndio unaowabeba, msiuadhibu kwa makosa ya mkoba. Mwenye njaa hafiki mbali, na anayeficha njaa yake kwa uongo hata msaada haupati. Ikran, Korakora unakwenda. Nyinyi wengine, fungueni mikoba yenu tuone mnabeba nini."

Zipu zikaanza kulia uwanja mzima. Ikran akaketi juu ya jiwe, akatafuna tende yake polepole, akimtazama Hamze, ambaye alikuwa ameukumbatia mkoba wake na hataki kuufungua.