Jino Waliloificha Hospitali

Kila asubuhi, kabla hajashika nyundo, fundi makochi alimtengea mkewe kiti karibu na mlango wa karakana. Hapo palikuwa na hewa. Mkewe, Mama Pacha, ndiye aliyeshona vitambaa vya kuvalisha makochi. Zamani alishona huku akitaniana na kila mpita njia, na kicheko chake kilisikika hadi mtaa wa pili. Siku hizi alishona mshono mmoja, akapumzika. Kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni tu kulimmaliza pumzi. Jioni miguu ilimvimba.

Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Moyo una milango midogo inayofunguka na kujifunga ili damu iende mbele, isirudi nyuma. Milango hiyo huitwa vali. Vali moja ya Mama Pacha iliharibiwa na ugonjwa alioupata utotoni. Dawa zilimsaidia kwa miaka mingi, lakini sasa hazikutosha tena. Ilibidi apasuliwe, awekewe vali mpya.

Walisubiri upasuaji huo zaidi ya mwaka. Mara mbili walipewa tarehe, na mara mbili ikaahirishwa. Sasa walikuwa na tarehe nyingine, nayo ilikuwa wiki iliyofuata. Fundi aliing'ang'ania. Aliogopa kumpoteza mke. Pacha wao, wasichana wawili, walikuwa bado shule ya msingi, na kila walipotoka shule kitu cha kwanza walichouliza ni kama mama yupo.

Kulikuwa na jambo ambalo hospitali hawakulijua. Mama Pacha alikuwa na gego bovu upande wa kushoto. Fizi zake zilikuwa nyekundu na zimevimba. Kila alipopiga mswaki zilitoka damu. Basi akaacha kupiga mswaki. Alisukutua maji ya chumvi, akatafuna karafuu, akajikaza.

Daktari wa moyo alikuwa amewaagiza waziwazi: kabla ya upasuaji, lazima wapite kwa daktari wa meno. Lakini siku moja, kwenye foleni ya kliniki, fundi alimsikia mgonjwa akilalamika. Mgonjwa huyo alikutwa na meno mabovu, akarudishwa nyumbani. Fundi akakata shauri palepale. Walipoulizwa, yeye ndiye aliyejibu.

"Mmeshapita kwa daktari wa meno?"

"Tumepita, daktari. Meno yake yote mazima."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Kisha akainamisha kichwa.

Njiani aliuliza, "Baba Pacha, mbona umesema vile?"

"Unataka waahirishe tena? Meno na moyo wapi na wapi? Jino tutaling'oa ukishapona."

"Na wakiniuliza mwenyewe?"

"Wewe funga mdomo. Usituharibie."

Hakuwa mtu wa kusema na mkewe hivyo. Alijisikia vibaya, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Baada ya siku chache alikuja mteja karakanani. Alikuwa daktari wa meno wa kituo cha afya cha jirani. Benchi la wagonjwa wake lilichanika, akalileta livalishwe upya. Sasa alikuja kulichukua. Alilikalia, akajirusharusha kidogo.

"Fundi, mikono yako haina mchezo. Wagonjwa wangu watasinzia hapa, nikiwaita hawataamka."

"Bora wasinzie, daktari. Wakiwa macho watatoroka."

Wote walicheka, hata Mama Pacha. Lakini yeye alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Halafu akashika shavu, akatema mate kwenye kipande cha kitambaa. Daktari aliiona damu.

"Dada, damu hiyo inatoka kwenye fizi?"

"Ni fizi tu. Nimeizoea."

"Na shavu limevimba. Jino linakuuma?"

Fundi akadakia. "Daktari, umekuja kuchukua benchi au kumchukua mke wangu?" Maneno yalikuwa ya mzaha. Sauti haikuwa ya mzaha.

Mama Pacha aliweka sindano chini. "Wiki ijayo napasuliwa moyo," alisema polepole. "Nawekewa vali mpya."

Daktari aliacha kutabasamu. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake. "Na madaktari wako wanajua habari za jino hili?"

Fundi aliokota nyundo yake.

"Hawajui," alisema Mama Pacha.

Fundi alibwaga nyundo mezani. "Daktari, nieleweshe. Jino liko mdomoni. Moyo uko kifuani. Vinahusiana nini?"

"Vinahusiana kwa damu, fundi. Mdomo una vijidudu vingi. Tusipopiga mswaki, vinajikusanya kwenye meno pamoja na mabaki ya chakula. Ule utando unaonata ndio ukoga. Ukoga ukikaa sana, fizi zinavimba na kutoka damu. Sasa fikiria. Ikiwa damu inaweza kutoka, vijidudu navyo vinaweza kuingia. Vikishaingia kwenye damu, vinafika popote."

"Basi sote tungekufa."

"Kwa mtu mwenye moyo mzima, mara nyingi mwili unaviua haraka. Lakini vali iliyoharibika ina mikwaruzo. Vijidudu vinanasa hapo, vinazaana, vinaanza kuila. Na vali ya kuwekewa iko kwenye hatari zaidi. Ugonjwa huo unakuja na homa isiyoisha, na unaua. Mkeo anaweza kupasuliwa vizuri, ashonwe vizuri, arudi nyumbani, halafu jino hilihili likaiharibu vali mpya."

Fundi alimtazama mkewe, kisha daktari. "Tukisema, wataahirisha?"

"Wataahirisha. Sitakudanganya."

"Na akifa tukiwa tunahangaika na meno?"

Daktari aliitikia kwa kichwa. "Hofu yako naielewa. Kuahirisha nako kuna hatari. Ndiyo maana madaktari wake lazima wajue, wazipime hatari zote mbili. Wewe huwezi kuzipima. Mimi peke yangu siwezi. Ukiwaficha, unawafumba macho halafu unawapa kisu."

Alimgeukia Mama Pacha. "Dada, usiende kung'olewa jino popote bila kusema kwamba una ugonjwa wa moyo na bila kutaja dawa unazotumia. Wengine hupewa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kung'olewa. Daktari wako wa moyo ndiye atakayeamua. Lakini nendeni. Kesho, si keshokutwa."

Daktari alipoondoka, fundi alirudi kwenye kazi yake. Alikuwa akifumua kochi kuukuu la mteja. Aling'oa misumari kwa hasira, kana kwamba misumari ndiyo iliyomkosea. Alipoinua kitambaa, unga wa mbao ulimwagika. Fremu ilikuwa imeliwa na wadudu.

"Utalivalisha hivyohivyo?" aliuliza Mama Pacha.

"Nivalishe nini? Fremu imekwisha hii. Mteja akilikalia wiki moja atakuwa sakafuni. Nitamwita, abadilishe mbao kwanza."

"Atakasirika. Alilitaka kwa sherehe yake."

"Akasirike."

Mama Pacha alivuta pumzi kwa shida. Kisha alisema, "Basi mbona mimi unanivalisha hivyohivyo?"

Fundi alisimama na koleo mkononi. Aliketi sakafuni, kwenye vumbi la mbao, akafunika uso. "Nilitaka upone tu," alisema. Alilia, na Mama Pacha alimwacha alie.

Dada yake fundi alikuwa amekuja kukaa na pacha. Aliposikia habari hizo, alikuja juu. "Una akili kweli wewe? Tarehe imefika mlangoni, unakwenda kuifukuza mwenyewe? Jino moja tu! Nani asiye na jino bovu?"

"Dada, nilidanganya. Naenda kusema."

"Wifi akifa, utawaambia nini watoto?"

Swali hilo lilimfuata fundi hadi hospitali.

Mbele ya daktari wa moyo hakuketi. "Daktari, nilikudanganya. Hatukupita kwa daktari wa meno. Mke wangu ana jino bovu, na fizi zinatoka damu kila siku. Nilimwambia anyamaze. Kosa ni langu."

Daktari aliweka kalamu chini. Kisha alichukua tochi, akaangalia mdomo wa Mama Pacha. Alibonyeza ufizi kwa kijiti. Usaha ulitoka.

"Ningeweka vali mpya kwenye mwili wenye usaha huu," alisema. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza fundi kuliko kufokewa. "Nashukuru umesema. Wenye kuficha ni wengi. Wengine huwa tunajua tukiwa tumeshachelewa."

Mama Pacha alitolewa damu ipimwe. Walitaka kujua kama vijidudu vimeshafika moyoni. Siku za kusubiri majibu zilikuwa nzito. Fundi hakuweza hata kukata kitambaa sawasawa. Majibu yalipokuja, vijidudu havikuonekana kwenye damu, na picha ya moyo haikuonyesha dalili zake. Lakini tarehe ilikwisha kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Jino liling'olewa hospitalini, kwa dawa ambazo daktari wa moyo aliziagiza. Ukoga uliogandamana kwenye meno ukakwanguliwa. Baadaye daktari wa meno mwenye benchi alimwita Mama Pacha kituoni kwake. Alimpa mswaki laini na kioo.

"Nionyeshe unavyopiga."

Mama Pacha alisugua kwa nguvu, mbele tu.

"Hapo unasugua sufuria, dada. Taratibu. Uelekeze mswaki pale jino linapokutana na ufizi. Zungusha kidogokidogo. Nje, ndani, na juu pa kutafunia. Usiharakishe, upe kila upande muda wake. Asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Tumia dawa ya meno yenye floridi. Mswaki wa usiku usiuache kamwe."

"Na damu ikitoka?"

"Usiache kupiga mswaki. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Fizi zinatoka damu kwa sababu kuna uchafu. Ukiacha, uchafu unaongezeka na damu inaongezeka. Safisha taratibu, zitatulia. Zisipotulia, njoo unione."

Fundi aliuliza kwa aibu, "Na sisi ambao mioyo yetu ni mizima? Fizi zangu nazo zinatoka damu."

"Wataalamu wameona kwamba watu wenye ugonjwa wa fizi hupata zaidi maradhi ya moyo. Bado wanachunguza kwa nini hasa. Lakini huhitaji kusubiri wamalize ndipo upige mswaki. Kaa hapa, fungua mdomo."

Jioni zile familia nzima ilipiga mswaki pamoja kwenye beseni la uani, kila mtu na mswaki wake. Pacha walimsimamia baba yao. "Baba, ndani hujafika!" Naye alirudia bila ubishi.

Hata hivyo, si kila kitu kilikwenda vizuri. Wakiwa wanasubiri tarehe mpya, Mama Pacha alizidiwa. Maji yalimjaa mapafuni, hakuweza kulala chali. Akalazwa. Dada yake fundi hakumlaumu ndugu yake kwa mdomo, ila kila akipita alimkata jicho. Fundi alikaa kwenye korido ya hospitali akijiuliza kama ukweli wake ndio unaomuua mkewe. Hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba sivyo. Madaktari walimpunguzia mgonjwa maji, wakamwangalia mdomo tena, wakapima damu tena. Fizi zilikuwa zimepona. Ndipo wakampasua.

Upasuaji ulichukua karibu siku nzima. Daktari alipotoka alikuwa amechoka, na alisema neno moja tu ambalo fundi alilisikia. "Amevuka."

Miezi ikapita. Mama Pacha alirudi kliniki akitembea kwa miguu yake, bila kusimama njiani. Vali mpya ilifanya kazi. Daktari alimsikiliza kifua, akaridhika, kisha akauliza kama desturi yake, "Na meno je? Fizi zinatoka damu?"

Fundi alishafungua mdomo ajibu. Akaufunga. "Muulize mwenyewe, daktari."

"Hazitoki," alisema Mama Pacha. "Kila baada ya miezi michache naangaliwa. Na nikiwa na homa, sinunui dawa dukani. Nakuja hapa moja kwa moja, nasema nina vali."

Walipofika nje ya lango, Mama Pacha alimshika mumewe mkono.

"Baba Pacha, siku ile uliponiambia nifunge mdomo, nilifunga."

"Najua."

"Nilijua si sawa, nikafunga tu. Ningekufa kwa kukutii."

Watu walikuwa wakiingia na kutoka, wengine wameshikilia wagonjwa wao. Fundi aliwatazama, kwa sababu hakuweza kumtazama mkewe.

"Usiniambie tena," alisema Mama Pacha.

"Sitakuambia tena."

"Na hata ukiniambia, nitasema."

"Sema," alijibu fundi. "Sema, Mama Pacha."