Mpigaji Asiye na Taa

Hebu fumba macho kidogo, ukione chumba hiki pamoja nami. Ni chumba kidogo kisicho na dirisha, na kuta zake zimebandikwa sponji nyeusi inayomeza kila sauti, hata kikohozi. Kuna meza, maikrofoni mbili na kioo kikubwa; nyuma ya kioo ameketi fundi mitambo. Juu ya meza kuna safu ya taa ndogo nyekundu. Msikilizaji akipiga simu, taa moja huwaka. Humu ndani jua likichomoza hulioni, likizama hulioni.

Sasa mtazame mwanamke aliyeketi mbele ya taa hizo. Watu walimwita Mama Asubuhi, maana wengi waliamka kwa sauti yake. Alikuwa ameruka na kuanguka sana katika kazi hii. Kituo cha kwanza kilimfukuza kwa kumkatia simu kigogo mmoja katikati ya majigambo yake. Cha pili alikiacha mwenyewe kwa hasira, akatoka akiwa hewani, viatu akavisahau chini ya meza. Cha tatu kilifungwa. Hiki cha nne ndicho kilichomrudishia jina, na aliapa kwamba hapa watamtoa kwa machela.

Kisha meneja akamletea mwenzake, binti mcheshi ambaye wasikilizaji walimpa jina la Chiriku kabla hata wiki haijaisha. Wakagawana kipindi: saa ya kwanza ya Mama Asubuhi, ya pili ya Chiriku. Chiriku akisema "haloo" tu, taa zote huwaka kwa pamoja. Mama Asubuhi alibahatika kupata moja, na mara nyingi ni mtu aliyekosea namba.

"Shikamoo, dada," Chiriku alimwambia asubuhi moja. "Jana umesikia? Babu wa watu kaniposa hewani!"

"Marahaba. Nimesikia. Hata viziwi wamesikia."

Chiriku alicheka, akidhani ni utani. Kijiba cha roho kikazidi kumkwama Mama Asubuhi.

Siku hiyohiyo, saa yake ilipofika, hakuna taa iliyowaka. Alitaja mada, akairudia, akaichekea mwenyewe. Kimya. Nyuma ya kioo meneja alisimama, mikono kifuani. Chiriku naye alikuwa pale, akisubiri zamu yake na kikombe cha chai.

Basi Mama Asubuhi akafanya ujanja ambao watangazaji wakongwe wanaujua. "Naam! Tunaye mpenzi msikilizaji kwenye laini," alisema kwa uchangamfu. "Karibu sana, uko hewani!" Alipanga kungoja kidogo, kisha aseme laini imekatika, poleni wasikilizaji.

"Ahsante kwa kunikaribisha," ikasema sauti.

Taa haikuwa imewaka hata moja.

Ilikuwa sauti ya kiume, laini, isiyovuta pumzi. "Nimekufuata tangu kituo cha kwanza," iliendelea. "Hata siku ile ulipotembea peku, nilikuwa nyuma yako." Studio ikanuka marashi ya kale, kama nguo zilizofungiwa sandukuni na mwenyewe kafa.

Fundi mitambo alimnong'oneza kwenye hedifoni: "Mama, huyu umemtoa wapi? Kwangu laini zote tupu."

Lakini meneja alikuwa anacheka meno yote nje. Mji mzima ulitaka kumsikia mtu yule tena. Akawa anakuja kila siku, bila taa, akisimulia mambo ya majumbani mwa watu kana kwamba alikaa chini ya vitanda vyao. Simu za Mama Asubuhi zikafurika. Alijua kuna kitu hakiko sawa. Alijitia hamnazo, maana sifa zilikuwa tamu.

Asubuhi moja, Chiriku alipoingia na kuketi, sauti ikamnong'oneza Mama Asubuhi masikioni, yeye peke yake: "Huyu anakuudhi?"

Angeweza kusema hapana.

"Sana," alijibu.

Chiriku akafungua mdomo kuwaamkia wasikilizaji, na ukatoka mkwaruzo, ule mchakacho wa redio inayotafuta kituo isikipate. Alishika koo. Akajaribu tena, machozi yakimtoka, na mkwaruzo ukatoka tena. Na Mama Asubuhi, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichohisi ni furaha.

Furaha hiyo haikulala. Jioni alimkuta mwanawe wa pekee, wa miaka saba, akichora kwenye meza ya jikoni, redio ndogo ikikwaruza kando yake.

"Mama, mjomba wa kwenye redio kaniuliza kama unanipenda."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia unanipenda kuliko watu wote duniani. Amenyamaza. Nadhani amenuna."

Mama Asubuhi alinyoosha mkono kuizima redio, akakuta imeshazimwa, akaufuata waya kwa macho kutoka mezani hadi sakafuni, ukapita chini ya kiti cha mtoto, ukapita kando ya ndala zake, ukaishia chini ya kabati, mbali na ukuta, haukuchomekwa popote, na bado redio ilikwaruza, na harufu ya sandukuni ikapanda kutoka chini ya meza ikamzunguka mtoto kama mtu anayemkumbatia.

Kulipokucha mtoto alikuja kumwamkia. Midomo ilisema shikamoo. Kilichosikika ni mkwaruzo.

Alimbeba mbiombio hadi kwa mganga, bibi mmoja aliyeheshimika kwa kutoa majini. Bibi alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Huyu sina mlango wa kumtolea, mwanangu. Ulimkaribisha mbele ya watu wote, kwa uongo. Muage mbele ya haohao, kwa ukweli."

"Nikisema ukweli nitafukuzwa kazi, bibi. Sitapata nyingine."

"Basi chagua sauti unayoitaka nyumbani kwako."

Alikwenda kazini na mwanawe, fundi mitambo akampakata nyuma ya kioo. Akamwomba Chiriku aketi kwenye maikrofoni ya pili. Taa ya juu ya mlango, inayoonyesha kuwa wako hewani, ikawaka.

"Usiseme," sauti ilimwambia masikioni, kabla hajatamka neno. "Watakutupa. Nani atakusikiliza kama mimi?" Marashi yalimkaba, sponji za ukutani zikaanza kutuna na kusinyaa kama kifua cha mtu aliyelala, na akamwona mwanawe nyuma ya kioo akigonga kwa viganja vidogo bila mlio, akapiga moyo konde, akasema harakaharaka, bila kumeza mate: "Wapenzi wasikilizaji, mtu huyu hakupiga simu, hakukuwa na taa, nilimzua mimi kwa sababu nilimwonea wivu mwenzangu, anayejua kuongea nanyi kuliko mimi, na saa yangu kuanzia leo ni yake. Nawe uliyekuja bila kupiga, kipindi kimekwisha. Kwaheri."

Taa zote za simu ziliwaka mara moja, zikazimika.

"Haloo?" Chiriku alisema, akashtuka kujisikia. Na nyuma ya kioo mtoto akapiga kelele hadi sponji zikashindwa kuimeza: "Mama!"

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Safari hii alikumbuka kuvaa viatu.

Siku hizi humsikiliza Chiriku jikoni, akimsuka mwanawe nywele kabla ya shule. Bado moyo humchoma kidogo Chiriku anapotangaza kwamba taa zote zimewaka. Na kila unapomchoma, harufu ya sandukuni hupita mlangoni, na sauti laini isiyovuta pumzi humuuliza sikioni: "Huyu anakuudhi?"

Yeye husuka tu. Hajibu.

Nawe nakuomba ukumbuke jambo moja. Siku mwenzako akikuzidi, na mtu akakuuliza swali hilo kwa upole sana, tazama kwanza kama kuna taa iliyowaka.