Okestra Iliyomngoja Adelard

Nyie, mashine imewahi kuwangoja? Msicheke. Adelard Kamugisha, kaka yake bibi yangu, alingojwa. Temeke, mwaka 1955.

Alikuwa karani. Fidla alifundishwa seminari, huko kwao Bukoba, na Jumatatu ile alikuwa apige koncheto, muziki wa fidla moja inayoongoza okestra nzima, mbele ya mtahini kutoka Uingereza. Akifaulu, anakwenda London kusomea muziki. Akaiomba klabu ya wazungu imwazime mpiga piano wa kufanya naye mazoezi. Katibu akamjibu, "Very sorry, members only," kisha akamtupia sahani ya santuri: okestra nzima imo, fidla ya mbele haimo. Pengo ajaze mwenyewe. Eti huo ndio msaada.

Jumamosi mchana akazungusha mpini wa gramafoni, akaweka sindano. Penye noti za mbio vidole vikajikwaa, sahani ikampita kama gari moshi. Mara kumi. Ya kumi na moja alipojikwaa, okestra ikapunguza mwendo. Akarudia. Nayo ikarudia.

Mtu mwenye akili angekimbia. Adelard alifurahi.

"Mama Ansbert! Wananingoja!"

"Nani?" mkewe Genoveva aliuliza kutoka uani, mikono ina unga.

"Wenzangu."

"Wenzako wako kilabuni wanakunywa. Njoo ule."

Hakwenda. Jumapili hata kanisani hakwenda. Alipokosea, safari hii okestra ilinyamaza kabisa. Sahani inazunguka. Sindano inakwaruza. Halafu pumzi. Za watu wengi. Mmoja akakohoa.

Kijiti cha kiongozi wa okestra kikagonga mara mbili: anza.

Akaanza. Kila akishusha upinde, pumzi. Kijiti. Akaanza tena. Ncha za vidole zikachanika, nyuzi zikalowa damu.

"Baba Ansbert, acha," Genoveva alinong'ona.

"Nitawaachaje? Wamekuja kwa ajili yangu."

Genoveva akainua sindano, akaishika sahani. Gramafoni ikasimama.

Kijiti kikagonga.

Jumatatu Adelard alisimama mbele ya mtahini, fidla begani, upinde hewani. Peke yake, maana hata huko hakupewa mpiga piano. Dakika moja. Mbili.

"You may begin, Mr Kamugisha."

Adelard alikuwa akiutazama ukuta mtupu nyuma ya mzungu.

"Bado, sir," alinong'ona. "Hawajakaa."

Hakupiga noti hata moja. Jina likakatwa, London ikayeyuka, na fidla hakuigusa tena hadi anaingia kaburini.

Jioni ile Genoveva alifagia sebule. Nyumba ile ilikuwa na viti viwili tu. Sakafuni, kwenye saruji, kulikuwa na mikwaruzo ya miguu ya viti. Safu nne. Nusu duara. Zote zimeelekea pale alipokuwa akisimama mumewe.

Sie tunaoishi nyumba ile sasa tumeiziba mara tatu. Inarudi.

Sasa nyie warithi wa klabu ile, mnaotundika picha za makatibu wenu ukutani: semeni sahani ile ilitengenezewa nani. Na njooni Temeke muwatoe watu wenu sebuleni mwetu.

Leo. Si kesho.