Migomba ya Bibi Haikatwi

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na bibi huzoa majivu ya jikoni na kuirushia migomba yetu ili wadudu wakae mbali. Nyumbani kwetu, milimani juu ya Nkoaranga, kazi hiyo haiachwi hata siku ya mtihani.

Asubuhi moja Mwalimu Richard alifika na kishikwambi chake. Darasa letu la sita lilikuwa limeifundisha programu kutambua mnyauko, ugonjwa unaomaliza migomba. Tuliionyesha picha mia mbili za majani mazima na mia mbili za majani ya migomba iliyougua, nayo ikatafuta yenyewe kinachoyatofautisha. Kamati ya kijiji ilikuwa imeamua kwamba shina litakalosomeka gonjwa ling'olewe siku hiyo hiyo, lisiambukize mengine.

Mwalimu akapiga picha jani la kwanza. Gonjwa. La pili, gonjwa. Mashina yote kumi na mawili, gonjwa tupu! Bibi akakaa chini. Ndizi hizo ndizo chakula chetu cha kila siku.

"Migomba hii haikatwi," nikasema.

Mwalimu akanieleza kwa upole kwamba darasani programu hiyo ilipatia karibu kila picha. Oscar, mwanafunzi mwenzangu aliyekuja na panga, akanicheka, eti najifanya najua kuliko mashine. Nikamjibu ndiyo, najifanya. Mgomba wenye mnyauko ukiukata hutoa usaha wa manjano, hata mtoto wa darasa la pili hapa kwetu anajua. Nikachukua kisu safi cha bibi, nikakata kikonyo cha jani mbele yao. Yakatoka maji safi.

"Sasa mashine imeona nini, Mwalimu? Tusipojua, hatukati."

Mwalimu akaangalia kishikwambi tena. Nilikuwa na hasira, lakini nikalikazia macho lile jani. Lilikuwa jeupe kwa majivu. Nikalimwagia maji, nikalifuta kwa khanga, nikamwomba Mwalimu apige tena. Zima. Nikalirushia majivu upya. Gonjwa.

Mwalimu akashika kichwa. Picha za majani mazima tulizipiga kwenye migomba ya shule, ambako hakuna anayerusha majivu. Za majani yaliyougua tulizipiga kwa majirani ambao hurusha majivu pale tu mgomba unapoanza kuugua. Programu haikujifunza mnyauko, ilijifunza majivu. Na mimi, Elifuraha, nilipiga thelathini kati ya picha hizo. Niliona aibu kweli.

"Mashine haina macho ya bibi yako," Mwalimu akasema. "Inajua tulichoionyesha tu, na sisi tuliionyesha vibaya. Mtu akikwambia mashine imesema, muulize ilifundishwa kwa kuonyeshwa nini. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu."

Akamwomba bibi msamaha. Bibi akaupokea, kisha akamuuliza kuhusu mashina manne yaliyong'olewa jana kwa Nashilu, jirani yetu, baada ya kupimwa kwa programu hiyo hiyo. Naye hurusha majivu kila siku kama sisi.

Mwalimu akainamisha kichwa. Bibi akachimbua machipukizi manne mazuri kuliko yote shambani, akampa ayabebe mwenyewe.

"Twende," akasema. "Utamweleza wewe, Mwalimu, kwa mdomo wako. Watoto wasikie jinsi mtu mzima anavyokiri kosa."

Tukatangulia mimi na Oscar, na Mwalimu akafuata nyuma, udongo wa machipukizi ukimchafua shati.